Mpaka Uliozama Majini: Haki ya Walioondolewa Penye Mabwawa ya Tana

(Maandishi ya hotuba iliyosomwa na wakili mbele ya wanaharakati na waumini waliokusanyika katika ukumbi wa kanisa, mtaa wa Dallas, Embu.)



Mliponialika mliniomba nizungumze juu ya ardhi na sheria. Ningeweza kuvisoma vifungu vya Katiba kimoja baada ya kingine mpaka jua litue. Nimeona afadhali nianze na karatasi moja tu.

Mzee mmoja kutoka Mbeere alinijia ofisini akiwa na karatasi iliyokunjwa mara nne, imehifadhiwa ndani ya kurasa za Biblia ya marehemu babake. Sitalitaja jina lake wala kijiji chake. Ilikuwa ni stakabadhi ya fidia, ya zama zile bwawa lilipojengwa. Imeandikwa: nyumba moja ya udongo, ghala moja, miembe mitatu. Chini yake kiasi cha fedha, na chini ya fedha alama ya kidole gumba cha babake. Mzee akaniuliza, "Bwana wakili, hapa pameandikwa nyumba na miembe. Shamba limeandikwa wapi?"

Niliisoma mara mbili. Shamba halikuandikwa.

Alikuwa amekwisha kwenda katika ofisi moja ya umma kuuliza swali hilo hilo, akaambiwa faili haionekani. Leo wanawe wanapanga vyumba mjini, katika mitaa kama huu wetu wa Dallas, na babu yao amezikwa mahali ambapo sasa samaki huogelea. Nyote mlio hapa mnajua kwamba mzee huyu si wa peke yake. Ndiyo maana nimechagua kusema juu ya mabwawa.

MABWAWA YENYEWE

Ukitoka hapa Embu mjini ukateremka kuelekea Mbeere, joto huongezeka, kahawa na migomba huisha, migunga huanza, na mwisho wa mteremko unaufikia Mto Tana. Katika bonde hilo Serikali ilijenga vituo vitano vya umeme vinavyojulikana kwa jina la Seven Forks. Kindaruma kilianza kazi mwaka 1968, Kamburu 1974, Gitaru 1978, Masinga 1981, na Kiambere 1988. Ukiujumlisha uwezo wao wa sasa, unapata karibu megawati 600. Gitaru peke yake ina megawati 225. Masinga ina 40 tu, lakini Masinga ndiyo ghala la bonde zima: ziwa lake limetandaa kiasi cha kilomita 120 za mraba, na lilikusudiwa kuhifadhi maji ya zaidi ya mita za ujazo bilioni 1.5. Maji hayo huachiliwa kwa kipimo wakati wa kiangazi ili yaizungushe mitambo ya vituo vinne vilivyo chini yake. Kwa hiyo tone moja la mvua ya Mlima Kenya na ya Nyandarua hufanya kazi mara tano kabla halijakwenda zake Garissa na pwani.

Nayasema haya kwanza ili nisieleweke vibaya. Sikuja kuyalaani mabwawa. Kwa miaka mingi taa za Nairobi, viwanda vya Thika na vyumba vya upasuaji vya hospitali zetu vilitegemea bonde hili kuliko mahali pengine popote. Ukame ulipoyapunguza maji, mwaka 2000 nchi nzima iliingia katika mgao wa umeme, na hata waliokuwa hawajui Masinga iko wapi walilijua jina lake. Leo mvuke wa Olkaria umechukua nafasi ya kwanza, lakini Tana bado inabeba sehemu kubwa ya mzigo.

Basi swali langu si kama mabwawa yalikuwa na faida. Swali ni hili: faida ilikwenda kwa nani, na gharama ilibebwa na nani? Na pale gharama ilipobebwa na mtu asiyeulizwa, sheria inamdai nani amlipe?

MPAKA ULIOHAMISHWA

Tana ulikuwa mpaka. Upande huu ni Mbeere, ndani ya Embu. Ng'ambo ni Ukambani, yaani Machakos na Kitui. Wakoloni waliipenda mito walipokuwa wakichora wilaya zao, kwa sababu mto ni mlinzi asiyelipwa mshahara. Lakini mlinzi huyu alifunikwa. Palipokuwa na mkondo ambao mtu aliweza kuuvuka wakati wa kiangazi, pakawa na ziwa lenye ghuba na ndimi. Mstari ukabaki katika ramani, ukipita chini ya maji mahali ambapo hakuna awezaye kusimama na kusema, "Hapa ni kwetu."

Wakati wa wilaya, jambo hili halikuwasumbua wakubwa. Mkuu wa wilaya wa upande huu na yule wa upande ule walikuwa watumishi wa bwana mmoja, na fedha zote zilikwenda Nairobi. Serikali za kaunti zilipoanza kazi mwaka 2013, mstari ule uliozama ukafufuka. Sasa ni swali la fedha. Nani atoze ada kwa wavuvi? Nani akusanye ushuru wa mchanga? Ukuta wa bwawa umeegemea kingo mbili; mtambo uhesabiwe kuwa wa ukingo upi? Embu wana madai yao, Machakos wana yao, Kitui wana yao. Kando ya Masinga na Kamburu kuna pia ardhi ya Mwea, katika Mbeere Kusini, ambayo Wambeere, Waembu, Wakamba na Wakikuyu wameigombania kwa miaka mingi, ndani ya mahakama na nje yake.

Ndugu zangu, kila kaunti ina haki ya kudai. Nami kama mwana wa Embu sitasema Embu inyamaze. Lakini sikilizeni mantiki ya ugomvi huo. Magavana wanagombania mapato ya bwawa. Mzee mwenye karatasi hagombanii mapato. Anauliza shamba lake liliandikwa wapi. Kama Embu itashinda, bila sheria ya kumfikia mzee yule, fedha zitatoka katika hazina moja na kuingia katika hazina nyingine, naye ataendelea kuikunja karatasi yake mara nne. Kama Machakos itashinda, hali yake itakuwa ile ile. Walioondolewa walikuwa kingo zote mbili. Maji yalipopanda hayakuuliza nani ni Mmbeere na nani ni Mkamba.

Kwa hiyo nasema swali la mpaka ni la pili. La kwanza ni la walioondolewa. Na mwanasiasa yeyote anayewachochea mumchukie jirani wa ng'ambo kwa ajili ya bwawa, mwulizeni kwanza: katika orodha ya madai yako, umewaandika wapi waliotoa mashamba?

SHERIA YA SIKU ZILE

Sasa niruhusuni niwaeleze kwa nini shamba halikuandikwa.

Sehemu kubwa ya Mbeere ilikuwa ardhi ya amana. Katiba ya zamani, katika vifungu vya 114 hadi 118, iliiweka ardhi hiyo mikononi mwa baraza la kaunti la siku zile, ili baraza liishike kwa niaba ya wakazi na kuheshimu haki zao za kimila. Maneno mazuri. Lakini kifungu cha 118 kilisema kwamba Rais, akiisha kushauriana na baraza, akiona ardhi inahitajika kwa kazi za Serikali, alitoa taarifa ya maandishi, na ardhi ikatengwa. Angalieni vizuri: aliyeshauriwa ni baraza. Mwenye shamba hakutajwa katika mashauriano hayo. Yeye alibakiziwa haki ya kulipwa fidia kamili na bila kuchelewa.

Na fidia ikapimwaje? Hapo ndipo kalamu ya karani ilipokuwa na nguvu kuliko Katiba. Upimaji na uandikishaji wa mashamba ulikuwa umeanza Mbeere katika miaka ya 1970, ukaenda polepole, kwa kesi nyingi baina ya koo na koo. Mtu ambaye shamba lake lilikuwa halijaandikishwa alionekana mbele ya karani kama mtu mwenye nyumba lakini asiye na kiwanja. Nyumba ilionekana, ikahesabiwa. Mwembe ulionekana, ukahesabiwa. Haki ya kimila haikuonekana kwa macho, haikuhesabiwa. Ndivyo shamba la vizazi vitatu lilivyopotea katika stakabadhi ya mistari mitatu.

Mtauliza, kwa nini hawakupinga? Kumbukeni ni nyakati gani zile. Tangu mwaka 1969 nchi ilikuwa na chama kimoja kwa vitendo. Juni 1982 Bunge likaingiza kifungu cha 2A, chama kimoja kikawa sheria. Masinga lilikwisha 1981; Kiambere lilijengwa na kukamilika ndani ya miaka ya 2A. Mwaka wa kukamilika kwake, 1988, ndio mwaka ambao Wakenya walipiga kura kwa kupanga mlolongo nyuma ya wagombea, na mwenye mlolongo mfupi akatangazwa mshindi mchana kweupe. Katika nchi ambapo mlolongo mrefu ungeweza kuitwa mfupi, mkulima wa Mbeere angepinga hesabu ya miembe yake mbele ya nani? Diwani alikuwa wa chama. Chifu alikuwa wa Serikali. Mbunge akisema sana alihatarisha kufukuzwa chamani, na aliyefukuzwa chamani alipoteza na kiti.

Wako hapa waliosimama nyakati zile. Askofu David Gitari, aliyeongoza Dayosisi ya Mount Kenya East tangu 1975 hadi ilipogawanywa kuwa Embu na Kirinyaga mwaka 1990, aliukemea mlolongo akiwa mimbarini, na mwaka 1989 nyumba yake ikavamiwa usiku. Tulipodai vyama vingi hatukudai wingi wa bendera. Tulidai kwamba mtu akinyang'anywa chake, pawe na mahali pa kusema. Kifungu cha 2A kilifutwa Desemba 1991, na Desemba 1992 tukapiga kura tukiwa na vyama vingi. Lakini yaliyofanywa chini ya 2A hayakufutika pamoja nacho. Maji yaliyojazwa mwaka 1988 yapo mpaka leo.

HESABU YA KIAMBERE

Sipendi kuwapa maneno matupu, basi chukueni hesabu. Kiambere lilijengwa kwa msaada wa mikopo ya nje, Benki ya Dunia ikiwa miongoni mwa wakopeshaji. Benki hiyo ilikuwa imekwisha kutoa mwongozo wake juu ya watu wanaohamishwa na miradi tangu mwaka 1980. Hata hivyo, maelfu ya watu wa Kiambere walipewa fedha taslimu, kisha wakaachiwa watafute mahali pa kwenda wenyewe.

Katika miaka ya 1990 mtaalamu wa elimujamii wa Kenya alifanya utafiti juu ya watu hao, na matokeo yake yakanukuliwa katika maandishi ya Benki yenyewe. Wastani wa shamba la familia ulishuka kutoka hekta 13 hadi hekta 6. Mifugo ilipungua kwa zaidi ya theluthi moja. Mavuno ya mahindi kwa hekta yalipungua kwa asilimia 68, na ya maharagwe kwa asilimia 75. Mapato ya familia yalishuka kutoka shilingi 10,968 hadi shilingi 1,976. Yaani katika kila shilingi 100, zilipotea 82.

Naomba mzishike hesabu hizi, kwa sababu mtaambiwa, "Watu hao walilipwa." Ni kweli, wengine walilipwa. Lakini malipo ambayo yanamkuta mtu ana shilingi 100 na kumwacha na shilingi 18 yana jina jingine katika lugha yetu, wala si fidia. Fidia humrudisha mtu mahali alipokuwa. Anayeachwa chini ya hapo ameuchangia mradi kwa mali yake, bila kuombwa na bila kushukuriwa. Ikiwa ni mchangiaji, basi ni mdai halali wa matunda yake.

Wala jambo hili si letu pekee. Tume ya Dunia ya Mabwawa, iliyotoa ripoti yake Novemba 2000, ilikadiria kwamba mabwawa makubwa yameondoa watu kati ya milioni 40 na milioni 80 duniani. Na hapa hapa Kenya, tazameni Turkwel. Bwawa hilo, lenye megawati 106, lilikamilika mwaka 1991. Mkataba wake ulitolewa bila zabuni ya wazi ya kimataifa, na mwaka 1986 mwakilishi wa Jumuiya ya Ulaya mjini Nairobi aliandika waraka, uliovuja na kuripotiwa magazetini, akilaumu gharama yake kuwa zaidi ya mara mbili ya ile ambayo ushindani ungeleta. Bwawa lenyewe limekaa mahali ambapo Pokot Magharibi na Turkana wanagombania mpaka, na katika mabishano hayo watu wamemwaga damu. Tana haijafika huko, na Mungu atuepushe. Lakini mbegu ni ile ile: mradi uliopangwa gizani, juu ya mpaka usio wazi, na wenyeji wa pande zote mbili wakiachwa kwenye giza wakati nyaya za umeme zikipita juu ya vichwa vyao.

SHAMBA LA NABOTHI

Kwa kuwa tumo katika nyumba ya Bwana, turudi kwenye Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, sura ya 21. Mara nyingi husimuliwa kama hadithi ya mfalme mwizi. Mimi naisoma kwa jicho la wakili, na naona mambo mawili.

La kwanza, Ahabu alianza kwa kutoa fidia. Alimwahidi Nabothi shamba jingine bora zaidi, au bei yake kwa fedha. Nabothi hakusema bei ni ndogo. Alisema hicho ni urithi wa baba zake. Kuna kitu ambacho karani hana safu ya kukiandika.

La pili, Nabothi hakuuawa na majambazi. Ziliandikwa barua kwa jina la mfalme, zikapigwa muhuri. Likaitishwa baraza la wazee. Wakaletwa mashahidi wawili, kama sheria ilivyotaka. Kila kitu kilikuwa na sahihi na muhuri, na kila kitu kilikuwa dhuluma. Mungu hakuuliza kama taratibu zilifuatwa. Aliuliza kilichotendeka.

Wapendwa, tunapoambiwa kwamba ardhi ya mabwawa ilitengwa kwa taratibu za sheria za siku zile, tusikubali kwamba jibu hilo linafunga mjadala. Linaufungua.

SHERIA YA LEO INASEMA NINI

Wala huu si mtazamo wa kanisa pekee. Waendorois waliondolewa kando ya Ziwa Bogoria katika miaka ya 1970, eneo lao likafanywa hifadhi ya wanyama. Ardhi yao nayo ilikuwa ya amana, mikononi mwa mabaraza. Walishindwa katika mahakama za Kenya, wakaenda mbele ya Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu. Uamuzi wa Tume, wa mwaka 2009, ulioidhinishwa na Umoja wa Afrika mwanzoni mwa 2010, ulisema kwamba haki yao ya mali ilivunjwa, na haki yao ya maendeleo ikavunjwa pia. Tume ilipendekeza warudishiwe ardhi ya mababu, walipwe fidia, na wapate mrabaha wa shughuli za kiuchumi zinazofanyika hapo. Utekelezaji umesuasua, sikatai. Lakini msingi umewekwa: ardhi kuwa ya amana si kinga ya aliyeichukua.

Kisha Agosti 2010 tukajipa Katiba mpya. Kifungu cha 40 kinataka fidia ya haki, kamili na bila kuchelewa, na kinaruhusu hata mkazi wa nia njema asiye na hati alipwe. Kifungu cha 63 kimeiweka ardhi ya jamii mikononi mwa jamii zenyewe. Kifungu cha 67 kimeipa Tume ya Kitaifa ya Ardhi kazi ya kuchunguza dhuluma za kihistoria. Kifungu cha 69 kinaiamuru Serikali ihakikishe kwamba manufaa ya maliasili yanagawanywa kwa usawa. Na kwa wanaopigania mpaka, kifungu cha 188 kinasema mpaka wa kaunti hubadilishwa kwa pendekezo la tume huru, na theluthi mbili za Bunge la Taifa na za Seneti zikubali. Mpaka haubadilishwi kwa kelele za mikutano ya hadhara.

Lakini lipo pengo, nami sitawaficha. Sheria ya Kawi ya 2019 imeweka mrabaha wa mvuke wa ardhini, na kuugawa: asilimia 75 kwa Serikali ya kitaifa, 20 kwa kaunti, 5 kwa jamii ya mahali. Mgawanyo kama huo haikuuweka kwa umeme wa maji. Mvuke wa Olkaria una kifungu; maji ya Tana hayana. Miswada ya kugawana manufaa ya maliasili imeletwa Bungeni zaidi ya mara moja tangu Katiba ipite, na kukwama. Hapo ndipo kazi yetu ilipo. Kama mvuke unaotoka ardhini ni mali inayostahili mrabaha, kwa nini maji yanayopita juu ya makaburi ya watu yasistahili?

MAMBO MANNE YA KUFANYA

Mwenyekiti, sikuja kuwaachia huzuni. Nawapendekezea mambo manne.

Kwanza, kila kanisa lenye waumini kutoka bonde la Tana lifungue daftari. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Andikeni jina la familia iliyoondolewa, mahali ilipokuwa, ilichokuwa nacho, ilicholipwa na iliko leo. Stakabadhi zipigwe nakala. Usimpe mtu yeyote karatasi ya asili, hata akija na gari la Serikali, hata awe wakili kama mimi.

Pili, wazee waapishwe. Waliokuwa na miaka 40 Masinga lilipojazwa wamepita miaka 80. Kila mazishi tunayohudhuria huko chini tunazika shahidi. Hati ya kiapo ya mzee aliye hai, inayotaja mto ulipopita, mwembe uliposimama na kaburi lilipo, ina thamani kuliko hotuba zangu zote. Mawakili vijana waliomo humu wanaweza kuziandaa Jumamosi moja kwa mwezi bila malipo. Mimi nitakuwa wa kwanza kuketi mezani.

Tatu, daftari hilo liwe la kingo zote mbili. Nendeni ng'ambo, kwa makanisa ya Masinga na ya Kitui, mkae pamoja. Ombi moja lenye majina ya Wambeere na Wakamba litamtia hofu mbunge kuliko maombi mawili yanayogombana. Magavana wakiendelea na kesi ya mpaka, waendelee. Sisi tuwaambie kwa sauti moja kwamba sehemu ya walioondolewa itengwe kabla ya sehemu ya kaunti yoyote, na iandikwe katika sheria ili isitegemee wema wa gavana.

Nne, tazameni mbele. Kwa miongo kadhaa imepangwa kujenga bwawa jingine chini zaidi, High Grand Falls, kati ya Tharaka Nithi na Kitui, ambalo likijengwa litakuwa kubwa kuliko haya. Ndugu zetu wa huko bado wana mashamba yao. Wana Katiba ambayo baba wa mzee yule hakuwa nayo. Waambieni yaliyotupata, ili shamba liandikwe kabla maji hayajaja.

Na neno la tahadhari kwa wanaotaka kwenda mbele ya Tume ya Ardhi. Marekebisho ya sheria ya mwaka 2016 yaliweka muda wa miaka 5 wa kuwasilisha madai ya dhuluma za kihistoria, na wengi waliusikia ulipokuwa umekwisha kupita mwaka 2021. Msiende kwa habari za sokoni. Kabla ya kuandika dai, mwulize wakili sheria ilivyo siku hiyo, na njia ya mahakama ya kikatiba iko wapi. Haki nyingi za maskini hazikukataliwa na hakimu yeyote. Zilichelewa tu mlangoni.

KUMALIZIA

Wapo watakaosema tunafukua mambo ya kale, na kwamba umeme ni wa Wakenya wote. Nakubali kwamba ni wa Wakenya wote. Ndiyo sababu gharama yake haiwezi kuwa ya Wambeere na Wakamba wachache. Tulichokipigania tulipodai vyama vingi ni kwamba hakuna Mkenya atakayetolewa sadaka kwa ajili ya wengine bila kuulizwa. Tukinyamaza juu ya bwawa kwa sababu limekwisha kujengwa, tutakuwa tumesema kwamba dhuluma ikikaa sana inakuwa sheria.

Yule mzee aliponiaga alitaka kunilipa. Nikamwambia anilipe kwa kitu kimoja: akirudi nyumbani, awaite wanawe na wajukuu, awaonyeshe ile karatasi, na awaeleze ni nini ambacho hakikuandikwa. Akacheka kidogo. Akasema wajukuu wake hawajapata kuuona Mto Tana. Wanaijua taa tu.

Basi daftari letu lianze na yeye. Mstari wa kwanza: nyumba moja, ghala moja, miembe mitatu. Na mstari wa pili, kwa mkono wetu wenyewe, tuandike lile shamba.